Runinga Janja au Tarakilishi: Bonasi ya Majani Chai Inunue Nini?

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba, mkulima mdogo wa majani chai katika sehemu zetu hizi za Bureti, Konoin na Sotik huinua macho kutoka kikapuni na kutazama kalenda. Huo ndio msimu wa bonasi, yaani yale malipo ya pili ambayo viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA huwapa wakulima baada ya kufunga hesabu za mwaka unaokwisha Juni. Mjini Litein maduka hufurika watu. Mabati, magodoro, mbolea na karo hugombania shilingi ile ile moja. Na katika miaka ya karibuni kumezuka mgombea mwingine: kioo kikubwa cheusi kilichosimamishwa mlangoni mwa duka, kikionyesha kandanda na maporomoko ya maji kwa rangi za kupendeza, huku mwenye duka akimhakikishia kila apitaye kwamba hiyo si runinga ya kawaida bali ni runinga janja.

Mimi ni mwalimu, na katika vijiji vyetu mwalimu angali huulizwa mambo ambayo hakuyasomea chuoni. Swali ambalo limenifikia mara nyingi, kutoka kwa wazazi na hata kwa walimu wenzangu, ni hili: "Mwalimu, tununue runinga janja, au tutafute tarakilishi tuiunganishe na skrini kubwa?" Kwa mtu wa mjini aliyezoea kununua na kutupa, swali hili laweza kuonekana dogo. Kwa mkulima ambaye hulipwa fedha ya maana mara moja tu kwa mwaka, si dogo hata kidogo. Malipo ya mwaka 2025 yalipotangazwa, wakulima wengi wa Kericho na Bomet walinung'unika kwamba yalikuwa haba mno yakilinganishwa na ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Fedha inapopungua, ndipo busara ya kuitumia hupasa kuongezeka.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Runinga janja ni runinga iliyofichiwa tarakilishi ndogo tumboni. Inaingia katika intaneti yenyewe, na inakuja na programu zilizochaguliwa na kampuni iliyoiunda. Samsung hutumia mfumo uitwao Tizen, LG hutumia webOS, na chapa nyingi nyinginezo hutumia mfumo wa Google. Mwenye nyumba hushika kidhibiti mkononi na kuchagua miongoni mwa yale aliyochaguliwa.

Tarakilishi ya sebuleni, kwa upande wake, si mashine ya ajabu. Ni tarakilishi ya kawaida, iwe ya mezani au kipakatalishi, iliyounganishwa kwa waya mmoja tu wa HDMI na skrini kubwa, na pengine na spika mbili, ili jamaa wote watazame filamu, wasikilize nyimbo na wasome habari kwa pamoja. Fikra hii si mpya. Mwaka 2002 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Windows lililokusudiwa shughuli hiyo mahsusi. Hata baada ya kampuni hiyo kuliacha jambo lenyewe mwaka 2015, watu wameendelea kutumia programu za bure kama Kodi, ambayo hadi mwaka 2014 iliitwa XBMC. Kwa hivyo, tunapolinganisha vitu hivi viwili, tunalinganisha akili iliyogundishwa ndani ya kioo na akili iliyo kando ya kioo. Msomaji na akumbuke tofauti hiyo, kwa maana hoja yangu yote imejengwa juu yake.

Sitaki kuikosea haki runinga janja. Kwa kutazama habari za saa moja, hakuna kilicho rahisi kuliko hiyo. Nyingi zinazouzwa humu nchini zina king'amuzi ndani yake, hivi kwamba antena tu yatosha kuleta chaneli za bure, ilhali tarakilishi huhitaji kifaa cha ziada ili inase mawimbi hayo. Bibi yetu, ambaye sisi Wakipsigis humwita kogo, aweza kufundishwa vibonyezo vitatu vya kidhibiti na akajitegemea jioni nzima. Haihitaji kibodi, haihitaji kipanya, wala haichukui dakika nyingi kuamka. Nyumba ambayo haina mwanafunzi, na ambayo haja yake ni taarifa ya habari, mahubiri ya Jumapili na kandanda ya Ulaya, haina sababu ya kujitaabisha. Na inunue runinga, ifurahie.

Hata hivyo, nyumba nyingi za huku zina wanafunzi, na shule zote zinao. Kwa hao ninasema wazi: akili na ikae kando ya kioo. Tena nawakumbusha kwamba jambo hili tulikwisha kulijifunza hapa nchini, ijapokuwa wengi wamelisahau.

Mwaka 2015 Kenya ilizima mitambo ya runinga ya analogia na kuhamia dijitali. Kelele zilikuwa nyingi, kesi zilifika hadi Mahakama ya Juu, na kwa majuma kadhaa vituo vikubwa vya kibinafsi havikuonekana hewani. Lakini je, runinga zetu nene za zamani, zile za kisogo kirefu, zilitupwa zote jaani? La hasha! Zilinunuliwa king'amuzi kila moja, kikawekwa kando yake, kikaunganishwa kwa waya, nazo zikaendelea kuonyesha picha kana kwamba hazikuzeeka. Zilinusurika kwa sababu kioo kilikuwa kioo tu. Akili mpya ilipohitajika, ililetwa kutoka nje ikafungwa kando. Mtu asiyejua chochote kuhusu mitambo aliweza kuivusha runinga ya baba yake kutoka enzi moja hadi nyingine kwa kijisanduku kimoja. Leo tunauziwa kinyume cha somo lile: kioo na akili vimefungwa pamoja, kimoja kikizeeka vinazeeka vyote.

Na akili huzeeka upesi kuliko kioo. Kioo kizuri chaweza kudumu miaka kumi na zaidi. Programu zilizomo ndani ya runinga janja hudumu muda ule tu ambao kampuni iliyoziunda ingali inaona faida kuzitunza. Tarehe 1 Desemba 2019 huduma ya Netflix ilikoma kufanya kazi katika baadhi ya runinga za Samsung za miaka ya 2010 na 2011. Vioo vya runinga zile havikuwa vimevunjika. Vilikuwa vikiwaka vizuri kama siku ya kwanza. Kilichokufa ni ule ujanja wake. Wenye nazo waliambiwa, kwa lugha ya heshima, kwamba watafute kifaa kingine cha kuunganisha kando. Yaani walirudishwa pale pale walipokuwa Wakenya wa mwaka 2015, ila wao walikuwa wamelipia ujanja kwanza.

Wakulima wa chai tunaelewa jambo hili kuliko watu wengi. Mchai haung'olewi kwa sababu umerefuka na majani yake kudhoofika. Hupogolewa. Baada ya kila miaka michache hukatwa ukabaki kisiki cha kutisha, mgeni akiuona hudhani shamba limeharibiwa, kumbe baada ya miezi michache machipukizi hujaa tena. Shina moja laweza kuwalea baba, mwana na mjukuu. Tarakilishi ya mezani nayo ni ya kupogolewa. Ikiwa nzito, huongezewa kumbukumbu. Diski ikichoka, hubadilishwa. Mfumo wake ukiachwa na wenyewe, kama Microsoft ilivyoiacha Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenyewe aweza kuweka mfumo wa bure kama Ubuntu, ambao ulianza kutolewa mwaka 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Runinga janja haipogoleki. Hung'olewa na mahali pake kupandwa nyingine.

Zaidi ya kuzeeka kuna ajali. Nyanda zetu za chai zinajulikana duniani kwa radi na mvua ya mawe, na nguvu za umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho kikiifika runinga janja, mara nyingi huunguza ile bodi kuu iliyobeba kila kitu, na bei ya bodi hukaribia bei ya runinga nzima, ikiwa itapatikana. Kikiifika tarakilishi ya mezani, kwa kawaida huanza kuunguza kile kisanduku cha kugawia umeme, ambacho fundi yeyote hukichomoa kwa bisibisi na kutia kingine. Kipakatalishi nacho, umeme ukikatika katikati ya somo, huendelea kwa betri yake. Sisemi kwamba tarakilishi haiungui. Nasema kwamba inaungua vipande vipande, na maskini humudu kipande kabla ya kumudu kizima. Na chochote utakachonunua, mwenzangu, usikisahau kile kifaa kidogo cha kuzuia kishindo cha umeme, na wingu likitanda juu ya Kapkatet chomoa waya ukutani.

Tuje sasa kwenye hesabu. Katika bei za miaka hii, runinga janja ya inchi 32 ya chapa isiyo na jina kubwa hupatikana kwa chini ya shilingi 20,000, na tarakilishi ya mezani iliyokwisha kutumiwa ofisini huko Ulaya, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita za Uingereza, nayo hupatikana chini ya kiasi hicho. Kwa hivyo bei ya kununulia haimpi yeyote ushindi mkubwa, hasa ukikumbuka kwamba tarakilishi itahitaji skrini. Upande wa umeme, runinga hushinda. Runinga ya wati 50 ikiwashwa saa 4 kila siku hula uniti 6 kwa siku 30. Tarakilishi ya mezani ya kizamani pamoja na skrini yake, tuseme wati 100, hula uniti 12. Zipo tarakilishi ndogo, za ukubwa wa kitabu, ambazo hazifiki hata wati 25, lakini haki yake runinga nimeipa.

Ila kuna mlaji mwingine ambaye wauzaji hawamtaji: intaneti. Runinga janja isiyo na intaneti ni runinga ya kawaida iliyovaa tai. Ujanja wake wote hutegemea mkondo usiokatika, na picha safi kutoka huduma kama Netflix hula hadi gigabaiti 3 kwa saa moja. Saa 2 kila jioni kwa siku 30 ni gigabaiti 180. Wengi wetu hatuna intaneti ya waya nyumbani. Tunategemea vifurushi vya simu, na kifurushi cha kumudu mzigo huo ni karo ya mtoto kwa jina jingine. Rahisi ya dukani hugeuka ghali ya nyumbani.

Tarakilishi haiwi huru kwa intaneti, lakini inajua kuweka akiba. Mwalimu aweza kupakua masomo mara moja akiwa mahali penye mtandao wa bei nafuu, akayahifadhi katika diski, kisha akayaonyesha kwa madarasa 10 bila kutumia hata shilingi moja ya kifurushi. Kwa programu ya bure iitwayo Kiwix, Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, huingia katika flashi ndogo na kusomwa mahali pasipo na mtandao kabisa. Ni kweli kwamba runinga janja nyingi pia husoma flashi, lakini huchagua: faili hii naijua, ile siijui. Tarakilishi yenye programu ya VLC hufungua karibu kila aina ya filamu na sauti unayoweza kuipata. Na wanafunzi wanaonisoma na walijue hili: VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, waliotaka kurusha filamu katika mtandao wa bweni lao. Hawakuwa kampuni. Walikuwa vijana wenye tarakilishi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kioo chenye kidhibiti kinamfundisha mtoto kuchagua. Kioo chenye kibodi kinamfundisha kutunga. Mtoto aliye mbele ya runinga janja aweza kutazama mambo 1,000 yaliyotengenezwa na watu wengine huko Seoul, Lagos na California, na baadhi yake ni mazuri sana, lakini jioni ikiisha yeye hajaandika hata neno moja. Mtoto yule yule mbele ya tarakilishi aweza kutazama filamu ile ile, kisha akafunga dirisha na kuandika insha, akachora ramani ya mashamba ya chai, akapiga hesabu za kilo ambazo mama yake alipeleka kwenye kituo cha kununulia majani mwezi uliopita, na akagundua kama karatasi ya malipo inasema kweli. Mashine hii ya pili haimzuii kuburudika. Inamwachia mlango wa pili wazi.

Na mlango huo si anasa tena. Mwanafunzi wa KCSE anayesoma somo la Kompyuta hutakiwa kutengeneza mradi, wala mradi hautengenezwi kwa kidhibiti cha runinga. Katika mtaala mpya, mafunzo ya tarakilishi yameingizwa ndani ya somo la Ufundi wa Awali katika shule za sekondari msingi, na mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo waliingia Gredi ya 10, wakijigawanya katika njia za sayansi, za jamii, na za sanaa na michezo. Mtoto wa Nairobi mwenye tarakilishi mbili nyumbani na mtoto wa Chemosit ambaye hajagusa kibodi watapimwa kwa kipimo kimoja. Ikiwa sisi wazazi na walimu tulipata fedha ya kununulia kioo tukachagua kile ambacho hakiandiki, mtoto huyu wa pili atakuwa na haki ya kutuuliza kwa nini.

Mwaka 2020 ulituonyesha mipaka ya kutazama. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilirusha masomo kwa redio na kwa chaneli yake ya runinga. Kazi hiyo ilikuwa njema na walioifanya wanastahili shukrani. Lakini runinga husema, haisikii. Mwanafunzi aliyekwama katika swali la pili hakuweza kuinua mkono. Hakuweza kurudisha somo nyuma wala kumtumia mwalimu kazi yake. Shule zilipofunguliwa kikamilifu mwezi wa Januari 2021, sisi walimu tuliowapokea watoto tuliiona tofauti baina ya yule aliyetazama masomo na yule aliyeyafanyia kazi. Kutazama ni mvua juu ya bati: hupiga kelele nyingi, kisha hutiririka ikaenda zake. Mvua ya manufaa ni ile inayopata udongo uliolimwa.

Neno kwa shule zetu. Najua kwamba baadhi ya bodi na vyama vya wazazi, vikipata fedha kidogo za vifaa, huvutiwa na runinga kubwa ya kutundika ukutani mwa ukumbi. Inapendeza, inaonekana na mgeni akifika, na siku ya kuikabidhi picha hupigwa. Mimi nashauri skrini kubwa isiyo na majivuno, pamoja na tarakilishi moja imara. Kwa tarakilishi hiyo mwalimu wa Kemia ataonyesha jaribio ambalo maabara haina dawa zake, akilisimamisha pale anapotaka. Mwalimu wa Kiswahili ataandika sentensi mbele ya darasa, wanafunzi waisahihishe pamoja, neno likihamishwa huku wanaona. Mwalimu wa Jiografia ataweka picha alizopiga mwenyewe katika bonde lililo nyuma ya shule. Runinga janja humfanya mwalimu awe mtu wa kuwasha na kuzima. Tarakilishi humrudishia ualimu wake. Na saa za jioni mashine hiyo hiyo itaandika mitihani, itahifadhi alama na kutoa ripoti.

Lipo pia jambo la faragha, ambalo watu wetu hawalizungumzii sana. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya kushtakiwa kwamba ilikusanya habari za yale yaliyotazamwa katika runinga milioni 11 bila ridhaa halisi ya wenye nazo. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini sheria haimsaidii asiyejua kwamba kioo chaweza kumtazama anayekitazama. Tarakilishi nayo hupeleleza, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba tarakilishi humpa mwenyewe uwezo wa kuona programu zilizomo, kuzifuta na kuweka nyingine, ilhali ndani ya runinga janja mwenyewe ni mpangaji katika nyumba aliyoinunua.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema tarakilishi itawaharibu watoto, kwa kuwa uchafu wote wa dunia umo humo. Namjibu kwamba uchafu huo umo pia katika runinga janja, na umo zaidi katika simu inayoingia na mtoto chini ya blanketi. Mashine iliyo sebuleni, yenye kioo kikubwa ambacho kila apitaye anakiona, ndiyo iliyo salama kuliko zote. Jambo lisilofaa halitazamwi mbele ya kogo.

Wa pili atasema tarakilishi ina matatizo: virusi, ukaidi, maneno ya Kiingereza yasiyoeleweka. Ni kweli. Inahitaji kujifunza. Lakini tangu lini sisi walimu tukaogopa kitu kwa sababu kinahitaji kujifunza? Kijana aliyeisafisha tarakilishi ya nyumbani kwao mara tatu amekwisha kupata mwanzo wa ufundi, na mji wa Litein una kazi kwa fundi.

Wa tatu atanitupia methali: mchagua jembe si mkulima, kwa hivyo na tununue lolote tulipatalo, tulime. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ilisemwa kumhusu mvivu anayetafuta kisingizio shambani. Haikusemwa kumhusu aliye dukani, fedha mkononi, anayeuzwa fimbo iliyopakwa rangi kwa bei ya jembe.

Kwa hivyo, kwa yule ambaye bado anataka neno fupi la kwenda nalo dukani, nasema hivi. Ikiwa runinga ipo nyumbani, hata kama ni janja, usinunue nyingine. Karibu zote za miaka hii zina tundu la HDMI, basi nunua tarakilishi iliyotumika uichomeke. Ikiwa huna chochote, nunua kioo cha kawaida na tarakilishi, hata kama kioo kitakuwa kidogo mwaka huu. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, aichomeke kwenye skrini, afungue filamu na kuandika barua, na akuandikie muda wa dhamana kwenye risiti. Uliza kama diski ni ile ya kisasa isiyozunguka, kwa kuwa hiyo ndiyo huifanya mashine kongwe ikimbie. Weka programu za bure na halali. Kisha, jambo la maana kuliko yote, itenge saa moja kila jioni ambayo kioo hicho hakitaonyesha chochote ila kile kinachoandikwa na mtoto.

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, na wafanyabiashara wa vioo wanaijua methali hiyo kuliko sisi. Hawatukosei kwa kuuza. Kuuza ndiyo kazi yao. Kazi yetu, walimu na wazazi wa nchi ya chai, ni kuuliza kitu kimoja kabla ya kuhesabu noti: je, baada ya miaka mitano, mtoto wangu atakuwa ameweza kufanya nini kwa kitu hiki? Jibu likiwa ni kutazama tu, basi bonasi ile, ambayo mama aliitafuta alfajiri katika umande na baridi, jani kwa jani, imenunua usingizi. Ujanja wa kutafuta ni ule unaobaki kichwani mwa mtoto umeme ukikatika.